Mzio wa Chanjo: Kabla ya Kumwambia Mtu Asichanjwe Tena

Mtu akishaandikiwa kwenye kadi yake ya kliniki kwamba ana mzio wa chanjo, maandishi hayo humfuata miaka na miaka, na ni nadra kumpata mhudumu atakayethubutu kuyafuta. Kila muuguzi anayeifungua kadi huyaona, huiweka sindano kando na kumwambia mzazi aende kwanza akamwone daktari. Daktari naye, akiwa na foleni ndefu mlangoni, huona ni heri akubaliane na kilichokwisha kuandikwa. Hivyo ndivyo mtoto mwenye pumu au mzio mkali wa chakula, ambaye pengine surua au homa ya mafua ingemuumiza kuliko wenzake, anavyojikuta ndiye pekee asiye na kinga. Ninaamini kwamba katazo la namna hiyo ni uamuzi mzito wa kitabibu, na kwamba halipaswi kutolewa, wala kuachwa lidumu, bila uchunguzi. Uchunguzi huo upo na hatua zake zinajulikana. Kipimo cha ngozi ni sehemu yake moja tu, na wala si sehemu kubwa kuliko zote.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachotafutwa. Mzio wa papo hapo humpata mtu ambaye mwili wake umekwisha kutengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya kitu fulani, nazo zimejishika juu ya seli za masti, yaani seli za kinga zilizotapakaa kwenye ngozi, njia ya hewa na utumbo. Kitu hicho kikiingia tena mwilini, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine kwa mkupuo. Ngozi hutoka mabaka yaliyoinuka yenye kuwasha, midomo na kope huvimba, sauti hukwaruza, kifua hubana, tumbo husokota, shinikizo la damu hushuka. Dalili hizi zinapokuja kwa kasi na kugusa zaidi ya sehemu moja ya mwili, hali hiyo huitwa anafilaksia, na inaweza kuua.

Mengi yanayoitwa mzio hayamo humo. Homa ya usiku wa siku ya chanjo si mzio, wala mkono kuvimba na kuuma pale ulipochomwa, hata uvimbe ukiwa mkubwa kiasi cha kumtisha mzazi. Kinundu kigumu kinachobaki chini ya ngozi kwa wiki au miezi baada ya chanjo yenye chumvi za alumini si sababu ya kuacha dozi inayofuata. Mabaka ya ukurutu yanayompata mtu aliyepakwa dawa yenye neomaisini, aina ya antibiotiki, ni mzio wa polepole wa ngozi, na hayamzuii kuchanjwa kwa chanjo yenye chembe za dawa hiyo. Kisha kuna kuzimia, ambako ndiko kunakochanganywa na anafilaksia kuliko kitu kingine chochote. Kijana anayeanguka mara tu baada ya kuchomwa huwa amepauka, ana jasho baridi, na mapigo ya moyo wake yamekwenda polepole. Akilazwa chali na miguu yake ikiinuliwa, hurejewa na fahamu baada ya muda mfupi. Mwenye anafilaksia mapigo yake huenda mbio, na mara nyingi ngozi yake huwa nyekundu na inawasha. Mhudumu aliyeshika mkono wa mgonjwa na kuhesabu mapigo kwa dakika moja amefanya kazi ambayo kipimo cha baadaye hakiwezi kuifidia, kwa sababu mapigo hayo hayataonekana tena.

Anafilaksia ya kweli baada ya chanjo ni adimu sana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliopitia kumbukumbu za dozi zaidi ya milioni 25, ulipata visa 33, yaani kisa kimoja na kidogo katika kila dozi milioni moja, na hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyekufa. Kuna jambo katika utafiti huo ambalo halizungumzwi vya kutosha: visa vingi vilianza baada ya nusu saa ya kwanza kupita, vingine baada ya saa 2 au 3. Kwa hiyo dakika 15 za kukaa kwenye benchi zina maana, hasa kwa ajili ya kuzimia na kwa mizio inayokuja haraka, lakini mtu aliyewahi kupata mzio mkali anahitaji dakika 30 na zaidi, pamoja na maelezo ya wazi ya dalili za kuangalia akisharudi nyumbani.

Ni kitu gani ndani ya chanjo kinacholeta mzio? Aghalabu si kirusi wala bakteria aliyedhoofishwa, bali ni kitu kilichowekwa ili chanjo isiharibike, au mabaki ya mahali chanjo ilikokuzwa. Jelatini ndiyo iliyothibitishwa vizuri zaidi. Mwaka 1993 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha anafilaksia baada ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, wakaonyesha kwamba mgonjwa alikuwa na mzio wa jelatini iliyomo. Huko Japani visa kama hivyo viliongezeka katika miaka ya 1990 miongoni mwa watoto waliokuwa wamepata mapema chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro iliyokuwa na jelatini, na jelatini ilipoondolewa vilipungua mno. Hamira hutumika kutengenezea chanjo za homa ya ini aina ya B na za kirusi cha papiloma, ingawa wanaodhurika nayo ni wachache mno. Lateksi inaweza kuwamo kwenye kizibo cha kichupa au kwenye bomba la sindano. Penisilini haimo katika chanjo, na bado kuna watu wanaorudishwa nyumbani kwa sababu tu waliwahi kutoka vipele baada ya kumeza penisilini.

Yai linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndilo lililowanyima chanjo watu wengi kuliko kitu kingine, na sehemu kubwa ya kunyimwa huko haikuwa na msingi. Virusi vya surua na matumbwitumbwi vilivyomo katika chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela hukuzwa kwenye seli za kiinitete cha kuku, si kwenye ute wa yai, na watoto wenye mzio mkali wa mayai wamechanjwa bila madhara katika tafiti zilizofanywa tangu miaka ya 1990. Chanjo nyingi za homa ya mafua hukuzwa ndani ya mayai, lakini protini ya yai inayobaki ni kidogo mno, kwa kawaida chini ya mikrogramu moja katika dozi. Watu zaidi ya 4,000 wenye mzio wa mayai, mamia yao wakiwa wamewahi kupata anafilaksia kwa kula yai, wamechanjwa chini ya macho ya watafiti bila kupata madhara makubwa. Ndiyo maana tangu msimu wa 2023 hadi 2024 mwongozo wa Marekani hautaki tahadhari yoyote ya ziada kwa mwenye mzio wa mayai anayechanjwa homa ya mafua, na kumpima ngozi kwanza hakuna faida. Chanjo ya homa ya manjano ndiyo iliyobaki kuwa tofauti. Yenyewe hukuzwa katika viinitete vya kuku na hubaki na protini nyingi zaidi, kwa hiyo mwenye mzio mkali wa mayai hupimwa ngozi kwa chanjo yenyewe kabla ya kupewa dozi.

Jambo hili lilinifika nyumbani kupitia binti yangu. Alichanjwa surua na rubela akiwa mdogo, na kabla hatujaondoka kwenye benchi la kusubiri mabaka mekundu yaliyoinuka yalikuwa yamemjaa shingoni na tumboni. Hakukohoa, hakutapika, hakukosa pumzi; alijikuna na kulia. Alipewa dawa ya mzio, mabaka yakatoweka kabla ya jioni, na kwenye kadi ikaandikwa kwa wino mwekundu kwamba asichanjwe tena. Haikuandikwa chanjo ilikuwa ya kiwanda gani, wala namba ya toleo, wala dakika zilizopita kati ya sindano na baka la kwanza. Na kwa kuwa katazo halikubainisha ni chanjo ipi, alikosa zote zilizofuata, hata zile zisizo na uhusiano wowote na ile ya kwanza.

Daktari bingwa wa mzio tuliyemfikia baadaye hakuanza na sindano. Alianza na maswali, na maswali ndiyo yaliyochukua sehemu kubwa ya muda wetu. Mabaka yalianzia wapi, yakadumu kwa muda gani kabla ya kuhama? Alikuwa amekula nini asubuhi ile? Tangu hapo amewahi kula peremende laini au chakula chenye jelatini? Alikuwa mzima siku hiyo? Hapo nikakumbuka kwamba alikuwa na mafua na homa kidogo, na kwamba mabaka kama yale yalijirudia siku zilizofuata bila kuchomwa chochote. Daktari alieleza kwamba maambukizi ya virusi ni chanzo cha kawaida sana cha mabaka kwa watoto wadogo, lakini kwa kuwa dalili zilikuja karibu na sindano, hakutaka kukisia. Tulipangiwa siku ya kipimo, na tukaambiwa dawa za mzio zisitishwe kwa wiki nzima kabla yake, kwa sababu dawa hizo huizuia ngozi isijibu, na ngozi isiyojibu hutoa matokeo ya uongo.

Kipimo chenyewe hakina makeke. Muuguzi alichora alama kwa kalamu kwenye upande wa ndani wa mkono, akadondosha matone madogo yaliyoachana: moja la maji ya chumvi ambayo hayapaswi kuleta kitu, moja la histamini ambayo lazima ilete uvimbe, moja la jelatini, na moja la chanjo yenyewe. Kisha akachoma juujuu katikati ya kila tone kwa kisindano kifupi kisichotoa damu, akipangusa na kubadilisha kisindano kila mara. "Mama, mshike vizuri asijikune," aliniambia, "akijikuna tu hatutajua kama ni kipimo au ni kucha." Tulisubiri dakika 15. Pale penye histamini pakainuka kivimbe cheupe kilichozungukwa na wekundu; pengine pote ngozi ilibaki kama ilivyokuwa. Kivimbe huhesabiwa kuwa jibu iwapo kipenyo chake kinakizidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, nacho hupimwa kwa rula, si kwa kukadiria kwa macho.

Hatua ya pili ilikuwa sindano ya ndani ya ngozi, mililita 0.02 za chanjo iliyozimuliwa kwa uwiano wa 1 kwa 100. Kuzimua huku si kwa kuchagua. Chanjo isiyozimuliwa ikidungwa ndani ya ngozi huwasha yenyewe, hata kwa mtu ambaye hana mzio wowote, na wapo watu waliobandikwa mzio wasiokuwa nao kwa sababu mpimaji aliruka hatua hiyo. Kwa aliyewahi kupata anafilaksia tahadhari huongezwa: hata kuchoma kwa juu huanza na chanjo iliyozimuliwa, na adrenalini, dawa ya kwanza ya kumwokoa mwenye anafilaksia, huwa imeandaliwa mezani kabla ya tone la kwanza. Uvimbe unaojitokeza kesho yake pale palipodungwa usimtishe mtu, kwani mara nyingi ni ishara ya mwili unaoitambua chanjo na kujikinga, si ya mzio wa hatari.

Kuna jambo dogo la kazi ambalo lilinivutia. Chanjo ya surua na rubela ikishachanganywa na maji yake haikai. Hutakiwa kutumika ndani ya saa 6 ikihifadhiwa kwenye baridi, ama sivyo hutupwa. Kwa hiyo kipimo na dozi vilipangwa siku moja, kutoka kichupa kimoja, jambo linalohakikisha pia kwamba kilichopimwa ndicho kitakachodungwa. Sindano ya ndani ya ngozi nayo haikuleta jibu, na binti yangu akapewa mililita 0.5 kamili, kisha tukakaa palepale kwa saa nzima. Hakutoka hata kipele. Daktari alilikata lile katazo kwa mstari, akaandika pembeni yake tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo, viwango vilivyopimwa, na kwamba dozi kamili imepokelewa bila mzio.

Si kila mtu ngozi yake hukaa kimya, na hapo ndipo wengi hudhani mlango umefungwa. Haujafungwa. Ngozi ikijibu, daktari huuliza kwanza kama dozi hiyo inahitajika kweli: kwa pepopunda, homa ya ini aina ya B au surua, damu inaweza kupimwa kiwango cha kingamwili, na ikiwa kinga iliyopo inatosha, dozi nyingine inaweza kusubiri. Huuliza pia kama ipo chanjo ya kiwanda kingine isiyo na kile kilichojibu. Ikiwa kinga haipo, hakuna mbadala, na ugonjwa wenyewe ni tishio, chanjo hutolewa kwa dozi za kupanda taratibu. Utaratibu unaojulikana kwa chanjo ya mililita 0.5 huanza na mililita 0.05 ya chanjo iliyozimuliwa kwa 1 kwa 10, kisha ile isiyozimuliwa hufuata kwa mililita 0.05, 0.10, 0.15 na 0.20, kila moja ikiachana na mwenzake kwa dakika 15 hadi 20. Hii ni kazi ya hospitali, yenye dripu tayari na mtu anayejua kuokoa njia ya hewa. Si ya kujaribiwa kwenye chumba chenye muuguzi mmoja na watoto hamsini nje.

Ninakipenda kipimo hiki, ila nisingependa kigeuzwe kuwa kizuizi kipya. Chanjo za UVIKO zilitufundisha hilo. Uingereza ilianza kuchanja tarehe 8 Desemba 2020, na siku hiyohiyo wahudumu wawili wa afya wenye historia ya mzio walipata madhara ya mzio. Mara moja ikatolewa tahadhari kwamba kila mwenye historia ya mzio mkali asichanjwe. Kabla mwezi haujaisha tahadhari ilipunguzwa na kuwabakiza wale tu wenye mzio wa kilichomo ndani ya chanjo hizo. Katika siku za mwanzo Marekani ilihesabu visa 21 vya anafilaksia katika dozi zipatazo milioni 1.9 za Pfizer, na shutuma ikaelekezwa kwa polietilini glikoli inayoyafunika matone ya mafuta yaliyobeba chanjo. Kliniki nyingi zikaanza kuwapima watu ngozi kwa kemikali hiyo. Ikadhihirika kwamba wengi waliopata dalili hawakuwa na mzio wake, na kwamba kipimo hakikuweza kutabiri nani angedhurika. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikusanya watu 1,366 waliopata mzio wa papo hapo kwenye dozi ya kwanza kisha wakapewa ya pili: waliopata madhara makali walikuwa 6, na wengine wote walimaliza chanjo zao, baadhi wakiwa na dalili ndogo tu. Kama wote wangesubiri kipimo, wengi wangebaki bila kinga wakati ugonjwa ukiendelea kuua.

Kwa hiyo anayestahili kupimwa ngozi ni yule aliyepata dalili za mzio wa papo hapo baada ya chanjo na anahitaji dozi nyingine, au mwenye mzio uliothibitishwa wa kitu kinachojulikana kuwamo, kama jelatini. Mwenye mzio wa vumbi, karanga, nyuki au penisilini hahitaji; yeye achanjwe kama watu wengine. Aliye na ndugu mwenye mzio achanjwe. Mwenye pumu achanjwe pia, ila iwapo siku hiyo kifua kinambana, pumu itulizwe kwanza, kwa kuwa anafilaksia ikitokea kwa mtu ambaye pumu yake haijadhibitiwa huwa mbaya zaidi. Aliyepungukiwa kinga kwa sababu ya dawa za saratani au upandikizaji ana suala tofauti kabisa, la chanjo zenye virusi hai, na hilo ngozi haiwezi kulijibu.

Pale ambapo hakuna bingwa wa mzio karibu, bado kuna mengi yanayowezekana. Mhudumu anaweza kumuuliza mtu maswali yaleyale tuliyoulizwa sisi, na mara nyingi majibu pekee huonyesha kwamba kilichotokea kilikuwa homa au kuzimia. Anaweza kumpigia bingwa simu badala ya kumrudisha mtu nyumbani bila tarehe. Jambo lisilo na mjadala ni adrenalini kuwapo kila mahali panapochanjwa watu, na mkono wa kuitumia bila kusita. Kipimo chake ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi miligramu 0.5 kwa mtu mzima, ikidungwa kwenye msuli wa upande wa nje wa paja, na hurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15 iwapo dalili hazijatulia. Dawa za mzio za kumeza hupunguza mwasho. Hazifungui njia ya hewa wala hazipandishi shinikizo la damu, na wanaocheleweshwa wakisubiri zifanye kazi ndio walio hatarini zaidi. Mgonjwa alazwe chali, miguu iinuliwe, na asisimamishwe ghafla. Anayehema kwa shida aachwe akae. Baada ya hapo apelekwe hospitali aangaliwe kwa saa kadhaa, na kama maabara ipo, damu itolewe ndani ya saa 4 ili kupima triptasi, kemikali inayomwagwa na seli za masti, kisha itolewe tena baada ya siku moja au zaidi kwa ajili ya kulinganisha, kwa maana bingwa atakayempima ngozi wiki 4 hadi 6 baadaye ataanza kwa kuzitazama namba hizo mbili.